Mgeni, Mwenyeji na Mji wa Jabalini: Usomaji wa Sidi Bou Said kama Funzo la Masimulizi ya Safari

Ikisiri

Makala haya yanauchunguza mji wa kale wa Sidi Bou Said, uliojengwa juu ya jabali katika pwani ya Mediterania nchini Tunisia, na kuusoma kama matini. Vipengele vinne vinazingatiwa: jina, kisakale, rangi na sauti. Hoja kuu ni kwamba mgeni anayeuandika mji wa watu huandika pia uhusiano wake na wenyeji, apende asipende. Makala yanaonyesha namna uhusiano huo ulivyojengwa na wageni waliotangulia, kisha yanatoa mazoezi ya uandishi yanayoweza kuwafaa wanafunzi wa Kiswahili wanaotaka kuufufua utanzu wa masimulizi ya safari.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hukutana mapema na riwaya, tamthilia, ushairi na hadithi fupi. Masimulizi ya safari hukutana nayo kwa nadra, na mara nyingi hupewa hadhi ya tanbihi ya historia. Hali hii inashangaza kwa sababu nathari ya Kiswahili ya mwishoni mwa karne ya 19 ilisheheni safari. Mwaka 1901 Mjerumani Carl Velten alichapisha mkusanyiko wa Safari za Wasuaheli, na ndani yake mna habari za Selim bin Abakari, mzaliwa wa Ngazija, aliyefika Urusi na Siberia mwaka 1896. Kabla yake Amur bin Nasur, aliyefundisha Kiswahili mjini Berlin katika miaka ya 1890, alikuwa ameandika habari za maisha yake na za mji huo. Waandishi hawa walikabiliwa na tatizo ambalo lingali hai: mtu aelezeje mahali ambapo msomaji wake hajapaona, bila ya kupafanya kioja?

Tatizo hilo lina upande wa pili. Kwa karne nyingi pwani ya Waswahili imekuwa ikielezwa na wageni. Ibn Battuta alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Mombasa alilala usiku mmoja tu, na kitabu chake kikaja kukamilika mwaka 1355 huko Fez, baada ya kumwelezea mwandishi Ibn Juzayy mambo aliyoyaona zaidi ya miaka 20 kabla. Hata hivyo, maneno hayo machache kuhusu misikiti ya mbao, visima vya kuoshea miguu penye mlango wa msikiti, ndizi na samaki, hadi leo hunukuliwa na kila anayeandika historia ya mji huo. Usiku mmoja wa mgeni umekuwa ushahidi wa karne saba.

Ibn Battuta huyo huyo, mzaliwa wa Tangier, alipitia Tunis mwaka 1325 akielekea hija yake ya kwanza. Anasimulia kwamba watu wa msafara walipopokewa na jamaa zao, yeye hakuwa na wa kumsalimu, akashikwa na majonzi hadi machozi yakamtoka, ndipo msafiri mmoja alipomwona na kuja kumliwaza. Ni mahali pachache katika kitabu chake ambapo ugeni unaonekana kuwa na uchungu. Makala haya yanarudi katika pwani hiyo ya Tunis, kwenye mji ulio kilomita zipatazo 20 kutoka katikati ya jiji, ili kuuliza swali moja: Mswahili, ambaye kwao kumesimuliwa sana na wageni, atausimulia vipi mji wa wengine?

2.0 Mahali na Njia ya Kupafikia

Sidi Bou Said unakaa juu ya rasi inayoitazama Ghuba ya Tunis, kwenye kimo cha mita 130 hivi kutoka usawa wa bahari. Upande wa bahari jabali limekatika ghafla, na chini yake pana bandari ndogo ya mashua. Ng'ambo ya maji unaonekana mlima Bou Kornine, wenye vilele viwili. Jina lake lina maana ya "mwenye pembe mbili". Siku ya anga safi Rasi ya Bon huonekana ikinyooka kuelekea kaskazini mashariki, upande wa kisiwa cha Sicilia.

Mgeni wa kawaida hufika kwa reli ya TGM, iliyoanza kazi mwaka 1872. Herufi hizo ni za Tunis, La Goulette na La Marsa. Njia hukatiza juu ya tuta lililojengwa katikati ya ziwa la Tunis, ikapita La Goulette penye bandari, kisha ikaingia katika mfululizo wa vituo ambavyo majina yake ni sura za historia: Carthage Salammbô, Carthage Byrsa, Carthage Hannibal. Magofu ya Carthage, yaliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1979, yako nje ya dirisha la behewa. Baada ya hapo ndipo kinapokuja kituo cha Sidi Bou Said, na kutoka kituoni ni kupanda kilima kwa miguu.

Mpangilio huu wa safari una athari ya kifasihi. Anayefika tayari amepita Wafoinike, Warumi na Waarabu katika muda usiozidi saa moja. Ni rahisi basi kuuona mji wa jabalini kuwa ukurasa wa mwisho wa kitabu cha zamani. Wakazi wake, hata hivyo, hutumia reli hiyo hiyo kwenda kazini Tunis kila asubuhi. Mwandishi makini atazihesabu safari zote mbili.

3.0 Jina: Mlima wa Mnara na Bwana Saidi

Kabla ya kuitwa Sidi Bou Said, kilima hiki kilijulikana kama Jabal al-Manar. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapa: jabali na mnara ni maneno yake ya kila siku. Ni kilima cha mnara wa moto uliowaongoza mabaharia. Jina la sasa nalo halimtatizi. "Sidi" ni bwana wangu, "Bou" ni ufupisho wa Abu, na "Said" ni Saidi wetu.

Aliyekuwa na jina hilo ni Abu Said al-Baji, walii aliyeishi kati ya mwaka 1156 na 1231. Alifanya ibada katika kilima hiki, ambapo wacha Mungu walikesha huku wakiilinda pwani dhidi ya maadui wa baharini, na akazikwa hapo. Mabaharia walimhesabu kuwa mlinzi wao. Makazi yalikua taratibu kulizunguka kaburi lake. Katika karne ya 18, wakati wa utawala wa akina Husayn, msikiti na zawiya viliendelezwa, na matajiri wa Tunis wakaanza kujenga nyumba za kukaa wakati wa kiangazi.

Hapa pana uhusiano wa kweli na Afrika Mashariki ambao haufahamiki vya kutosha. Abu Said anatajwa miongoni mwa mashekhe waliomwathiri Abu al-Hasan al-Shadhili, aliyefariki mwaka 1258 na ambaye tarika ya Shadhiliya ina jina lake. Karne kadhaa baadaye tawi la tarika hiyo liitwalo Yashrutiya, ambalo mwasisi wake, Ali Nur al-Din al-Yashruti, alizaliwa Bizerte katika pwani hii hii ya Tunisia, lilienea hadi Ngazija, Unguja na Kilwa. Shekhe maarufu wa tawi hilo, Said Muhammad al-Maaruf, alifariki mwaka 1905 na kuzikwa Moroni. Mcomoro au Mswahili wa Kilwa anayesoma uradi wa Shadhiliya jioni anautamka urithi uliopitia jabali hili. Kwa hiyo si kila Mswahili anayelipanda ni mgeni kwa kiwango kimoja.

Funzo la kwanza linatokana na hoja hii. Mwandishi wa safari aanze na majina, ayafungue, ayafuate hadi yalikotoka. Jina huonyesha ni nani aliyekuwa na haki ya kupaita mahali, na mara nyingine humwonyesha mgeni uzi unaomuunganisha na mwenyeji.

4.0 Kisakale: Mfalme Aliyegeuka Walii

Mwaka 1270 Mfalme Louis wa IX wa Ufaransa alishuka Carthage na jeshi la Vita vya Msalaba. Maradhi ya kuhara damu, au maradhi mengine ya kambini yanayofanana nayo, yaliwaangamiza askari wengi, na tarehe 25 Agosti mfalme mwenyewe akafa. Mkataba ukafikiwa na mtawala wa Tunis, al-Mustansir, na jeshi likaondoka. Hiyo ni historia.

Masimulizi ya wenyeji yanatoa mwisho mwingine. Inasimuliwa kwamba mfalme hakufa. Alimpenda mwanamke wa Kiamazigh, akasilimu, akaishi kilimani kwa ucha Mungu, na watu wakaja kumwita Sidi Bou Said.

Mwanahistoria atakipinga kisa hiki kwa hesabu nyepesi: Abu Said alifariki mwaka 1231, miaka 39 kabla ya mfalme kutua ufuoni. Lakini mwanafunzi wa fasihi simulizi hawezi kuishia hapo, kwa kuwa swali lake ni kisa kinafanya kazi gani. Mvamizi alikuja na majeshi ili kuwageuza watu wa Tunis wawe wafuasi wa dini yake. Katika kisakale ni yeye anayegeuzwa. Mapanga hayakumshinda, alishindwa na mapenzi, ukarimu na uzuri wa mahali. Wenyeji hawakumfukuza adui yao, walimfanya kuwa mmoja wao, tena wakampa cheo cha juu kuliko kile alichokuja nacho.

Uzito wa kisa hiki unaonekana zaidi kinapowekwa mkabala na kilima jirani cha Byrsa. Ufaransa ilijenga hapo kanisa dogo la kumkumbuka mfalme huyo mwaka 1841. Baada ya kuitwaa Tunisia kuwa nchi lindwa mwaka 1881, wakubwa wa kanisa wakasimamisha kanisa kuu kwa jina lake, lililokamilika mwaka 1890. Kwa hiyo vilima viwili vilivyo karibu vilikuwa na mfalme mmoja na hadithi mbili. Kwenye Byrsa, Louis alikuwa mtakatifu wa Ufaransa, na kumbukumbu yake ilidokeza kwamba Wafaransa walikuwa na dai la kale juu ya nchi. Jabalini, Louis alikuwa Mwislamu aliyezikwa na watu wake wapya. Tunisia ilipata uhuru mwaka 1956, na mwaka 1964 kanisa la Byrsa likakabidhiwa serikali. Kisakale hakikuhitaji kukabidhiwa kwa yeyote.

Wasomi wa Kiswahili wana kisa cha kulinganisha nacho. Masimulizi ya Kilwa yanaeleza kwamba Ali bin al-Hasan, aliyetoka Shiraz, alikipata kisiwa kwa kumpa mwenyeji nguo za kukizungushia. Kisa cha Kilwa kinamfanya mgeni kuwa mwenye nchi kwa biashara; kisa cha Sidi Bou Said kinamfanya mgeni kuwa mtu wa nchi kwa kubadilika. Kimoja kinahalalisha utawala, kingine kinapokonya utawala uhalali wake. Vyote viwili vinathibitisha kwamba katika miji ya bahari swali la nani mgeni na nani mwenyeji halijibiwi mara moja likaisha.

5.0 Rangi: Macho ya Wachoraji na Amri ya 1915

Sifa inayotajwa zaidi kuhusu mji huu ni weupe wa kuta na usamawati wa milango, madirisha na vizimba vya mbao vya madirishani. Milango mingi imepigiliwa misumari myeusi iliyopangwa kwa nakshi za nyota, miezi na matao. Wageni hupewa maelezo mengi kuhusu asili ya samawati hiyo: mengine huhusu anga, mengine husuda, mengine wadudu. Lililo wazi zaidi ni kwamba sura ya mji inayoonekana leo imelindwa kwa sheria.

Mwaka 1914, mwezi Aprili, wachoraji watatu kutoka Ulaya, Paul Klee, August Macke na Louis Moilliet, walizuru Tunisia kwa muda mfupi na kufika Sidi Bou Said. Ziara hiyo ilibadilisha namna Klee alivyoitumia rangi, jambo ambalo yeye mwenyewe alilikiri katika shajara yake. Macke alirudi na michoro mingi ya rangi za maji, na mwaka huo huo akachora picha ya mkahawa inayojulikana kama Mkahawa wa Kituruki. Septemba 1914 aliuawa vitani nchini Ufaransa akiwa na umri wa miaka 27. Siku chache za safari zikawa kilele cha kazi ya maisha yake.

Mgeni mwingine alikaa zaidi. Baroni Rodolphe d'Erlanger, mzaliwa wa Ufaransa kutoka ukoo wa wenye benki, mchoraji na mtafiti wa muziki, alijenga kasri ubavuni mwa jabali kati ya mwaka 1912 na 1922 na kuliita Ennejma Ezzahra, yaani nyota ing'aayo. Kwa juhudi zake, mwaka 1915 ilitolewa amri ya kuhifadhi sura ya kijiji na kuzuia ujenzi holela. Kwa hiyo uzuri ambao mtalii huuona kuwa umejiotea wenyewe una tarehe, una sahihi ya serikali ya kikoloni na una mtetezi aliyekuwa mgeni. Usione vyaelea, vimeundwa.

Je, amri hiyo iliwafaa wenyeji? Jibu la haki lina pande mbili. Bila ya ulinzi huo huenda jabali lingejaa majumba ya kila namna, kama ilivyotokea katika pwani nyingi za Mediterania. Papo hapo, ulinzi wa sura humlazimu mkazi kuishi ndani ya picha ambayo mwingine aliipenda. Mtu anayetaka kubadilisha mlango wa nyumba aliyorithi kwa babu yake anajadiliana na macho ya watu ambao hawalali humo. Wakazi wa Mji wa Kale wa Lamu, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, wanayafahamu majadiliano hayo. Mwandishi anayeisifu rangi pekee ameliruka swali gumu la mji.

6.0 Sauti, Harufu na Jina Lililo Jaladani

Masimulizi mengi ya miji ya bahari hutegemea jicho peke yake. Sidi Bou Said unamtaka mwandishi atumie na milango mingine ya fahamu.

Juu ya ngazi za mtaa mkuu pana mkahawa wa kale ambao kwa Kifaransa huitwa Mkahawa wa Mikeka, kwa sababu wateja huketi juu ya mikeka iliyotandikwa kwenye majukwaa. Wenyeji huuita Kahwa el-Alia, kahawa ya juu. Huko huuzwa chai ya mnanaa inayoelea kokwa za msonobari. Barabarani hukaangwa bambaluni, andazi la duara lenye tundu katikati, linalonyunyiziwa sukari na kuliwa likiwa moto. Katika majira ya joto wachuuzi hupitisha mashmumu, vishada vya vichipukizi vya yasmini vilivyofungwa kwa uzi, na wanaume huvichomeka nyuma ya sikio. Msomaji wa pwani ya Kenya atakumbuka kikuba. Ua ni lile lile na jina ni lile lile. Aliyelivaa na mahali pa kulivaa ndipo panapotofautiana. Tofauti ndogo ya aina hii humfunza msomaji zaidi ya kurasa nzima za sifa.

Upande wa muziki, kasri la d'Erlanger lina kisa kinachowahusu moja kwa moja wasomi wa Kiswahili. Baroni alitumia miaka mingi kukusanya nadharia na nyimbo za muziki wa Kiarabu, na alishiriki kuandaa Kongamano la Muziki wa Kiarabu lililofanyika Cairo mwaka 1932, mwaka aliofariki. Kazi yake kubwa, yenye majuzuu sita, ilichapishwa Paris kati ya mwaka 1930 na 1959, ambapo mengi yalitoka baada ya kifo chake. Jaladani mna jina lake. Lakini kazi hiyo ilitegemea wajuzi kama Ahmed al-Wafi wa Tunis, Ali al-Darwish wa Aleppo, na karani wake Manoubi Snoussi, aliyesaidia kuikamilisha. Kasri lenyewe sasa ni kituo cha muziki wa Kiarabu na wa Mediterania, chenye makumbusho ya ala. Mpenzi wa taarabu atakuta humo udi na ganuni, ala anazozifahamu kutoka Unguja na Mombasa.

Suala la jina la jaladani linarejesha mjadala katika Kiswahili. Safari za Wasuaheli nayo ilitoka kwa jina la Velten, ilhali waliosafiri, waliochoka njiani na waliosimulia walikuwa Waswahili. Visa hivi viwili vinafanana kiasi cha kutisha. Mkusanyaji anastahili shukrani, kwa kuwa bila yeye huenda sauti zisingehifadhiwa. Mwenye sauti naye anastahili jina lake. Mtafiti wa leo anayekwenda nyanjani na kinasa sauti, iwe Lamu au Tunis, hana udhuru wa kulirudia kosa hilo.

7.0 Mji Ulio Hai

Hatari ya kuuandika mji wa kale ni kuuandika kana kwamba mambo yake yote yamekwisha. Januari 2013, katika kipindi cha misukosuko kilichofuata mapinduzi ya 2011, kaburi la Abu Said lilichomwa moto, wakati ambapo makaburi ya mawalii yalikuwa yakishambuliwa sehemu mbalimbali za Tunisia. Moto huo uliteketeza sehemu ya ndani, na baadaye jengo likakarabatiwa. Kwa mtalii tukio hilo lilikuwa habari ya gazeti. Kwa mkazi lilikuwa ni kuchomwa kwa jina la mji wake. Kila majira ya kiangazi huadhimishwa ziara ya walii, iitwayo kharja, ambapo wafuasi wa tarika hupita mitaani kwa madufu na nyimbo.

Jabali nalo lina mambo yake. Udongo wake una tabaka za mfinyanzi zinazolegea mvua kubwa inaponyesha, na mporomoko wa ardhi ni tishio linalowashughulisha wahandisi. Mandhari inayosifiwa kwenye kadi za posta ndiyo hiyo hiyo inayomkosesha usingizi mwenye nyumba iliyo ukingoni.

8.0 Kutoka Usomaji hadi Uandishi

Zingatia aya mbili zifuatazo, zilizobuniwa kwa ajili ya somo hili.

(a) Sidi Bou Said ni mji mzuri ajabu. Nyumba zake nyeupe na milango yake ya samawati zinapendeza kama ndoto. Watu wake ni wakarimu, na kila anayefika hujihisi yuko peponi.

(b) Kabla ya adhuhuri mtaa mkuu umejaa watu wanaopanda kutoka kituoni. Mzee mwenye kishada cha yasmini nyuma ya sikio anapenya katikati yao, mkate kwapani. Anaingia mlango wa samawati wenye misumari myeusi, anaufunga. Wageni watatu wanaupiga picha mlango huo. Ndani, sufuria inagonga jiko.

Aya ya (a) ingeweza kuhusu mji wowote wa Mediterania kwa kubadilisha jina tu. Vivumishi vyake vinaeleza hisia za mgeni, na watu wa mji wamewekwa katika sentensi moja ya jumla. Neno "peponi" linafunga mlango wa maswali: peponi hakuna kodi ya nyumba wala udongo unaoporomoka.

Aya ya (b) haina hata kivumishi kimoja cha sifa. Samawati ipo, ila imekuwa kitu ambacho mtu anapita ndani yake. Sauti ya sufuria inamjulisha msomaji kwamba kuna maisha ambayo msimulizi hakukaribishwa kuyaona, na msimulizi anaiheshimu mipaka hiyo. Hata hivyo aya hii nayo ina kasoro. Mzee hana jina wala neno. Bado anaweza kugeuka pambo. Hatua inayofuata kwa mwandishi ni kumsalimu, kuketi, na kuandika alichokisema kwa ruhusa yake.

Kutokana na uchambuzi huu, mambo manne yanapendekezwa kwa anayeandika safari kwa Kiswahili. Kwanza, afungue majina ya mahali kabla ya kueleza sura yake. Pili, akusanye visakale pamoja na historia, na aulize kila kimoja kinamtumikia nani. Tatu, autafute mwaka na mkono uliotengeneza kile kinachoonekana kuwa cha asili. Nne, ataje waliomsimulia, kwa namna watakayoiridhia.

9.0 Hitimisho

Mji wa Sidi Bou Said umepokea wageni wa kila aina: mfalme aliyekuja kwa vita, wachoraji waliokuja kwa siku chache, baroni aliyekaa hadi kufa, na maelfu wanaoshuka kutoka behewani kila msimu. Kila mmoja aliacha toleo lake la mji, na wenyeji wakatoa yao, kuanzia kisakale cha Louis hadi ziara ya kiangazi. Makala haya yameonyesha kwamba matoleo hayo yanasomeka kwa zana zile zile ambazo wanafunzi huzitumia darasani kuchambua riwaya na utenzi.

Waswahili wana sababu ya ziada ya kuijali mada hii. Wao wenyewe wamesomwa kwa karne saba kupitia usiku mmoja wa Ibn Battuta na kupitia wengi waliomfuata. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwandishi wa safari anayetoka pwani ya Afrika Mashariki anaweza kuwa mgeni wa namna hiyo, iwapo atasikiliza kabla ya kusifu.

Maswali ya Mjadala

1. Linganisha kisakale cha Mfalme Louis na kisa cha Ali bin al-Hasan wa Kilwa. Ni tabaka gani linalonufaika na kila kisa?
2. "Uhifadhi wa mji wa kale ni uhifadhi wa macho ya mgeni." Jadili kwa kurejelea Sidi Bou Said na Lamu.
3. Chagua mtaa mmoja unaoufahamu. Andika aya mbili kuuhusu, moja kwa jicho la mpita njia na nyingine kwa jicho la mkazi, kisha ueleze tofauti za kimtindo.
4. Je, mkusanyaji wa masimulizi aitwe mwandishi? Toa hoja zako kwa kurejelea Velten na d'Erlanger.